Sufuria ya Mama Hadija

Niseme lililo baya kabisa kwanza, nisije nikaogopa mbele ya safari: nilipokuwa na miaka tisa nilimwaga chakula cha msiba sakafuni, makusudi, sufuria nzima ya pilau, halafu nikamwambia bibi yangu nimeteleza. Nilifanya hivyo kwa sababu niliamini nimeshaua mtu mmoja kwa nyama ya nguruwe, na sikutaka kumaliza ukoo wake wote. Cheka tu. Mimi mwenyewe nacheka, nikiwa na watu. Nikiwa peke yangu ni habari nyingine.

Bibi amefariki wakati wa baridi mwaka huu, na baada ya mazishi tukaenda Ganshoren, hapa Brussels, kutoa vitu kwenye nyumba yake. Mama yangu ana shida ya magoti, donc juu ya kabati nilipanda mimi. Nikashusha kifurushi cha kitenge kilichofungwa kama mtoto mchanga. Kabla sijakifungua harufu ikanifikia: iliki, sabuni ya kipande, na ile harufu ya aluminiamu ya zamani ambayo siwezi kuieleza kwa kuwa shule niliiacha njiani, mwaka wa nne wa ufundi, kama watu wanavyosahau mwavuli kwenye tramu. Nikakaa juu ya kiti nimekumbatia sufuria iliyobonyea ubavuni. Mama yangu akaniuliza, "Yunisi, unalilia sufuria?" Nikamwambia vumbi. Nafanya usafi kwenye ofisi za minara ile ya stesheni ya Gare du Nord, vumbi nalijua, na vumbi halifanyi vile.

Lazima nikueleze sufuria ile ilikuwa nini, la sivyo utaniona kichaa tangu mwanzo badala ya kuniona kichaa mwishoni.

Bibi alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa uliojengwa na Wabelgiji kwa rula: avenue zimenyooka, zina namba tu, na ndani yake wakawaweka watu waliowaita Waswahili. Karibu wote walikuwa Waislamu. Baba yake Bibi alikuwa Mwanglikana, mwinjilisti aliyeshuka kutoka milimani na kitabu cha sala na mke mmoja. Wakati ule dini ya serikali ilikuwa ya mapadri. Shule zilikuwa za mapadri, kazi nzuri zilipitia kwa mapadri. Mwislamu alikuwa hana lake, na Mwanglikana, bon, huyo walimwangalia kama Mwislamu aliyekosea kanzu. Bibi alisema baba yake alivaa kanzu nyeupe ya kanisani, na mtaa mzima ukamsalimia "Asalamu aleikum" kwa mwezi mmoja, naye akawa anaitikia vizuri tu, mpaka Jumapili ya kwanza aliyoanza kuimba.

Aliyempa chumba cha kupanga uani kwake alikuwa Mwislamu. Alimpa sharti moja: nguruwe asifike kwenye jiko lile, kwa kuwa wote wanapikia pale. Mama yake Bibi akaenda mbali zaidi ya sharti. Akatenga sufuria moja, sahani tatu na mwiko, vya jirani. Hata kama siku moja mzungu wa misheni angewapa nyama wasiyoijua, vile vyombo visingeiona. Krismasi mwenye nyumba alikuja mwenyewe kuchinja kuku wao ili wote wale pamoja, na Iddi sahani ilivuka ua upande wa pili. Wala usifikiri ilikuwa peponi. "Tulitukanana," Bibi alisema. "Kwenye bomba la maji walituita makafiri, na sisi tukawaita majina siwezi kutaja mbele ya mutoto. Jioni wanakuja kuomba chumvi." Nikamuuliza mliwapa? Akanishangaa. "Sasa wale mboga bila chumvi?"

Binti wa mwenye nyumba ndiye Mama Hadija. Alikua na Bibi kwenye ua mmoja, wakaolewa avenue mbili tofauti, vita ikawatawanya, na wakakutana tena katika jengo moja la Ganshoren, yeye ghorofa ya tatu, sisi ya tano. Si bahati. Yeye alitangulia, akamtumia Bibi habari kwamba kuna nyumba imebaki wazi juu yake. Bibi alikuja na mama yangu, mimi, sanduku mbili, na ndani ya sanduku moja ile sufuria imeviringishwa kitenge. Watu walikimbia na hati za viwanja. Bibi yangu alikimbia na sufuria ya wageni.

Kila Jumapili alinipeleka kanisani. Kanisa la Waanglikana Brussels, tulilolijua sisi, lilikuwa la Waingereza, watu warefu wenye makoti ya mvua na biskuti baada ya ibada. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini mpangilio wa sala aliujua kama anavyojua ngazi za nyumba yake, basi wao wakisoma chao, yeye anajibu kwa Kiswahili kutoka kitabu chake, kwa sauti ya Buyenzi, na wote wanafika kwenye Amina pamoja. Mimi nilitamani sakafu ya kanisa inimeze. Wazungu hawakuwahi kusema kitu. Mmoja, mzee mwenye fimbo, alizoea kukaa karibu naye makusudi. Sijui alipenda nini.

Sasa, kosa langu. Darasani kwetu kulikuwa na mtoto, Julien, aliyekuwa na ugonjwa wa karanga. Mwalimu alitukalisha chini na uso mzito akatuambia: karanga moja tu, hata kijiko kilichogusa karanga, Julien anaweza kufa. Nikarudi nyumbani na hilo kichwani, nikamkuta Bibi anachambua maharage, nikamuuliza kwa nini Mama Hadija hali nguruwe. Bibi alikuwa anapigana na jiwe dogo kati ya maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Haiwafai, mwanangu. Ndiyo maana ana vyombo vyake."

Haiwafai. Ana vyombo vyake. Basi, hesabu ikakamilika. Waislamu wote walikuwa Julien. Na nikawaonea huruma sana, dunia nzima imejaa nguruwe na wao wanatembea tu.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Jumatano, siku ambayo shule inaisha mchana, nilirudi na njaa. Mama yangu yuko kazini, Bibi yuko chini kwa Mama Hadija. Kwenye friji kulikuwa na lardons, vile vipande vidogo vya nguruwe vya kwenye pakiti, mama yangu alipewa na mwenzake wa kazini. Nilishakula tambi za lardons kwa rafiki mmoja wa shule na nilikuwa nimeamua kwamba hicho ndicho chakula cha watu waliofanikiwa. Sufuria yetu ya kawaida ilikuwa imelowekwa, maharage yameungulia. Ukiwa na miaka tisa na njaa, akili iko tumboni. Nikapanda kiti.

Nilipika, nikala, ilikuwa tamu, sitadanganya. Halafu nikatazama mkononi nimeshika nini: sufuria ya Mama Hadija. Nikaiosha mara tano. Nikamwaga nusu chupa ya sabuni ya vyombo, nikasugua mpaka vidole vikakunjamana, nikaifunga kitenge na kuirudisha juu. Nikajiambia sabuni ya Ulaya ina nguvu.

Krismasi Bibi akaishusha. Kuku alinunuliwa na Mama Hadija mwenyewe kwa mchinjaji wake, kama kawaida, na pilau ikapikwa mule ndani, na mimi nikakaa kwenye kona ya jiko nikinusa kama mbwa wa polisi, naogopa lardons zitapiga kelele. Mama Hadija akapanda saa saba na kitambaa chake cha zambarau, amepungua, shingo imekuwa nyembamba. Akanibana shavu. "Huyu mukristo wenu mbona leo kama amemeza kijiko?"

"Ana adabu ya kanisani," Bibi akasema.

"Adabu? Huyu?"

Wakacheka. Bibi akapakua. Nilikuwa na neno mdomoni, nakuapia, lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi. Lakini Bibi alikuwa na furaha ile ya watu wazima ambayo mtoto anaiona mara chache, amevua viatu, anamsimulia Mama Hadija kwa mara ya mia jinsi baba zao walivyogombania kivuli cha ukuta. Kama nikisema, kila kitu kinavunjika. Nisiposema, labda sabuni imefanya kazi. Nikahesabu matonge yake mpaka saba, nikafumba macho.

Baada ya chakula aliweka mkono tumboni. Uso wake ukawa wa majivu. Akasema anashuka kupumzika, na Bibi akamsindikiza kwenye lifti. Hakupanda tena ghorofa ya tano.

Wakasema yuko hospitali. Wakasema amerudi. Wakasema yuko hospitali tena. Watu wazima walinyamaza nikiingia, na mimi nilijua kwa nini: walikuwa wanamtafuta mhalifu. Kanisani nikajaribu kuungama. Wakatoliki wanaungama rejareja, mmoja mmoja kwenye sikio la padri, sisi Waanglikana tunaungama jumla, kanisa zima kwa pamoja. Nilipenda sana utaratibu huo. Nikaisukuma dhambi yangu katikati ya dhambi za wale Waingereza wa biskuti, nikitegemea Mungu atasaini bila kusoma. Lakini Mama Hadija hakupona, na nikaelewa kwamba amesoma.

Alikufa kabla ya Pasaka. Bibi alipokea simu amesimama, akakaa chini pale pale, kwenye sakafu ya koridoo, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Sikuwahi kumwona Bibi sakafuni. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema jina, si Mama Hadija, jina lao la utotoni ambalo sikulijua, Kibonge, Kibonge, kwa sauti ya kuita mtu aje kucheza.

Mwili ulipangwa kusafirishwa Bujumbura, lakini msiba uliwekwa pale jengoni, ghorofa ya tatu. Asubuhi iliyofuata Bibi aliamka mapema na kufanya jambo ambalo mama yake alilifanya, na yeye mwenyewe alilifanya maisha yake yote: nyumba ya msiba haipiki, jirani Mwanglikana anapika. Nikatoka chumbani nikaikuta sufuria kwenye moto. Ile ile. Pilau ya watu kumi na nne.

Nikawaona wote. Hadija, binti wa marehemu. Shabani na Musa, wajomba. Watoto wadogo. Saida, binti wa Hadija, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, aliyekuwa analia toka jana. Wote wanakula, wote wanaweka mkono tumboni.

Bibi alizima moto, akageuka kuchukua kitambaa cha kubebea. Nikashika mshikio kwa mikono yangu miwili na kuvuta. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ikagonga pembe ya jiko, ikabonyea, ikajimwaga sakafuni yote, wali, nyama, mafuta ya moto kwenye miguu yangu.

Bibi aligeuka. Hakuangalia pilau. "Umeungua?"

"Nimeteleza," nikasema.

Akaninyanyua, akaweka miguu yangu chini ya bomba la maji baridi, akaishika pale muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akaanza kukusanya wali kwa mikono, polepole, kama mtu anayetafuta pete. Kuku mwingine hakukuwa, na watu wa msiba walikuwa wanasubiri chini. Akanawa, akafunga kitenge chake cheusi, tukashuka na lifti. Ndani ya lifti alisema mara moja tu, akiangalia mlango, "Baba yangu asinione leo."

Mlango ulikuwa wazi, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Bibi akasimama kizingitini. "Hadija, mwanangu," akasema, "nimekuja mikono mitupu." Hadija aliinuka kumkumbatia, lakini nyuma yake mama mmoja niliyekuwa simjui, jamaa kutoka Antwerp, akamwambia mwenzake si kwa sauti ya chini sana, "Unaona? Wakristo wa Ulaya. Wameshasahau." Bibi alisikia. Niliona mgongo wake unasikia. Miaka yote ile, ua mmoja, vita, sanduku, na siku ile moja ndiyo iliyopewa jina.

Na mimi, nikuambie nilichokuwa nafikiri? Nilikuwa najivunia. Nimeokoa watu kumi na nne.

Siku mbili zilizofuata Bibi alihamia jikoni kwao akapika huko huko. Sufuria iliyobonyea haikufunika tena vizuri. Aliifunga kitenge, akairudisha juu, na hakuishusha tena.

Nilipofika sekondari, mvulana mmoja Mwislamu alikosea akauma mkate wa wenzake wenye salami ya nguruwe. Akatema, akasukutua mdomo kwenye bomba, akarudi kwenye mpira. Mimi nikakaa pembeni mchana mzima namwangalia, nasubiri aanguke. Alifunga magoli mawili. Ndipo nikaelewa, na badala ya kupata nafuu nikapata mzigo wa pili. Sikuua mtu. Lakini Mama Hadija, aliyejilinda maisha yake yote, alikula kwenye chombo ambacho alikiamini, na mimi ndiye niliyeichafua imani ile. Na Bibi aliaibishwa mlangoni bure kabisa.

Ungefikiri nilimwambia. Nilikuwa naenda Ganshoren kila Jumamosi, nina vichekesho mia, hicho hakikutoka. Wiki zake za mwisho hospitalini nilimwinamia nikasema, "Bibi, ile pilau ya msiba..." Akasema, "Nipe maji." Nikampa maji. Akalala. Ndiyo hivyo tu.

Siku ya tatu baada ya kumzika Bibi, Hadija na Saida walikuja na chakula. Masufuria manne, yamefungwa vitambaa. Saida sasa ana duka dogo la vitambaa karibu na Gare du Midi, ana sauti ya kuuza hata akisalimia. Tukatoka kwenye balkoni, tukafunga mlango wa kioo, na sijui nini kilinishika, nikamwambia yote, kuanzia lardons.

Akacheka mpaka akashika chuma cha balkoni.

"Lardons? Yunisi! Ulimuua bibi yangu na lardons?"

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Attends kwanza. Ndiyo maana ulikuwa unanipa goûter yako, vile vitafunio vya shule, kila siku? Mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Mimi nilifikiri unanipenda."

"Nilikupenda pia."

Akajifuta macho. Akaniambia mambo ambayo mtoto wa madrasa mwenye miaka sita anayajua, kwamba aliyekula bila kujua hana kosa, kwamba sufuria iliyooshwa mara tano ni safi kuliko uso wangu. Akasema ilikuwa kansa ya tumbo, walijua tangu kabla ya Ramadhani, yeye mwenyewe marehemu alikataza Bibi asiambiwe. Nikawa naitikia tu. Halafu akaacha kucheka.

"Lakini subiri. Krismasi ile unasema alikula?"

"Si ndiyo nakwambia."

"Alikula, au aligusagusa?"

"Alikula, Saida."

"Kwetu hakula." Alikuwa haniangalii. "Miezi mitatu. Maman alimpikia kila kitu, alimsagia, alimlilia. Anasema ameshiba. Mpaka leo maman anasema mama yake alikufa na njaa mikononi mwake. Sahani ilikuwa ya nini?"

"Pilau. Paja la kuku."

"Alimaliza?"

"Alimaliza. Akamsukumia Bibi sahani, akasema, ongeza, usinipimie kama ule mkate wenu wa kanisani."

"Na akaongezewa."

"Akaongezewa. Akala na hiyo."

Ndani, nyuma ya kioo, Hadija alikuwa anammiminia mama yangu chai, ameinama, ameshazeeka yeye pia. Saida alimwangalia muda mrefu. Akavuta kamasi, akafungua mlango, akanishika mkono.

"Ingia umwambie," akasema. "Habari za nguruwe acha huku nje. Mwambie tu aliomba ya kuongeza."